Leveli 7 inatosha: Dogo wa Ngarambe aliyemaliza gemu bila kukua

NI saa nne usiku na binamu yangu hataki nimsemeshe.

Tuko juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mahindi. Ukikaa huku unaliona shamba lote kama kamisaa wa mechi anavyouona uwanja. Chini tumeweka madebe matupu, tochi mbili na sufuria la makaa. Kazi tuliyopewa na mjomba ni moja tu: tembo na nguruwe pori wasiingie.

Dogo amelala kifudifudi, simu yangu ya zamani iko mbele ya uso wake. Kwenye kioo kuna kijana mwenye upanga, na mbele yake kuna dubwana linalohema kwa shida. Pigo moja tu, linaisha.

"Piga basi," namwambia.

"Bro, tulia. Nikikosea hapa naua."

Hapo ndipo niliposhtuka. Dogo anacheza gemu la vita, na kosa analoliogopa kuliko yote ni kuua adui.

Nilikuwa nimekwenda Ngarambe kwa mjomba wakati wa likizo yangu. Ukitoka Dar es Salaam unashika barabara ya Kilwa, unapita Mkuranga na Kibiti, unafika Ikwiriri, unavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa. Mbele ya hapo unaiacha lami na kushika vumbi kuelekea upande wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ni kijiji cha wakulima wanaopakana na wanyama wakubwa, na msimu wa mahindi yakibeba, watu wengi wa huku hulala shambani.

"Shikamoo mjomba," nilimsalimia nilipofika.

"Marahaba mjomba. Bado wanakulipa kwa kuangalia mpira?"

Nilimjibu kwamba bado wanalipa, ingawa siyo sana. Akacheka, akanionyesha njia ya kwenda shambani. Ndivyo nilivyoanza likizo.

Gemu lenyewe

Gemu analocheza dogo linaitwa Final Fantasy VIII. Lilitoka Japan mwaka 1999 kwa ajili ya PlayStation ya kwanza, likatengenezwa upya mwaka 2019, na mwaka 2021 likaingia kwenye simu. Mimi nililinunua nikiwa Dar, nikalipakua lote kabla ya safari kwa sababu niliijua intaneti ya shambani.

Siyo gemu la mpira. Ni zile gemu ambazo unaishi ndani ya mhusika mmoja, unatembea naye mji hadi mji, unazungumza na watu, unapigana, na kila ukishinda anapata pointi za uzoefu. Pointi zikifika kiwango fulani, anapanda leveli. Mwisho kuna bosi mkubwa.

Mhusika hapa ni Squall, kijana wa miaka 17, mwanafunzi wa shule ya askari wa kukodiwa. Mwanzoni kabisa mwa hadithi anapelekwa kwenye mtihani wa vitendo katika mji unaovamiwa. Akifaulu anakuwa askari kamili na anaanza kulipwa mshahara. Akifeli anarudi darasani.

Anaanza akiwa leveli ya 7. Mwisho wa leveli ni 100. Kila pointi 1,000 za uzoefu zinampandisha leveli moja.

Mchezaji wa kawaida, mimi nikiwemo, anafanya kile ambacho gemu zote zimetufundisha: unazunguka porini, unapiga kila kinachotembea, unakua. Niliondoka Dar nikiwa leveli ya 43 na kifua mbele. Nilikuwa nimefika kwenye jumba la mchawi Ultimecia, bosi wa mwisho, na walinzi wake walikuwa wananichapa kila siku. Nikajiambia dawa ni moja: nirudi porini, nifike 60, halafu tuonane tena.

Dogo alinisikiliza nikilalamika, akaichukua simu, akasoma maelezo ya ndani ya gemu usiku mzima akiwa na kamusi ya Kiingereza ya shule pembeni. Asubuhi akaniuliza swali moja.

"Bro, hawa maadui leveli yao inatoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Sikuwahi kujiuliza.

Ukikua, na wao wanakua

Jibu ndilo linaloitofautisha gemu hii na nyingine nyingi. Leveli ya maadui wengi inafuata wastani wa leveli ya kikosi chako. Ukiwa 7, wanakuja wadogo kama wewe. Ukiwa 43, mnyama yuleyule anarudi na damu nyingi zaidi, anapiga kwa nguvu zaidi. Ule mjusi mkubwa wa kwenye uwanja wa mazoezi wa shule, T-Rexaur, ambaye mwanzoni anatisha, hauachi kamwe. Unakua, naye anakua.

Kumbe basi nguvu inatoka wapi? Inatoka kwenye uchawi na majini walinzi. Katika gemu hii mhusika anaweza kubeba uchawi wa kila aina hadi 100, kisha anaufunga mwilini: huu kwenye damu, huu kwenye nguvu ya mkono, huu kwenye kinga. Mfumo huo wa mapigano uliandaliwa na Hiroyuki Ito, na ukiuelewa unakuta leveli ni sehemu ndogo sana ya hesabu.

Dogo alinipigia hesabu kwa kijiti kwenye mchanga. Kuna jini mmoja anaitwa Siren. Ukimfundisha ujuzi wake wa tiba, anaweza kuchukua hema moja la kulalia, lile linalouzwa dukani, akaligeuza kuwa uchawi wa tiba aina ya Curaga mara 10. Mahema 10 yanakupa Curaga 100. Ukifunga Curaga 100 kwenye damu, mhusika anaongezewa damu 2,200.

Squall wa leveli ya 7 damu yake ya kuzaliwa haifiki hata 1,000.

"Umeona?" dogo akasema. "Mahema kumi tu. Wewe umepigana wiki tatu kutafuta hiyo damu."

Nilinyamaza. Nilikuwa na pesa za mahema 10 tangu siku ya tatu ya gemu.

Akafuta gemu yangu? Hapana, aliniheshimu, akafungua faili jipya. Akaniambia atalimaliza Squall akiwa leveli ya 7 ileile aliyozaliwa nayo.

Karata badala ya upanga

Tatizo la kwanza ni hili: utapigana vipi bila kupata pointi za uzoefu? Hapa ndipo linakuja lile suala la kuogopa kuua.

Jini wa kwanza kabisa unayepewa, ndege wa radi anayeitwa Quezacotl, anaweza kujifunza ujuzi wa kumgeuza adui kuwa karata. Adui akigeuka karata, pambano limekwisha na wewe hupati hata pointi moja ya uzoefu. Lakini majini wako wanapata pointi zao za ujuzi kama kawaida, na ile karata unaweza kuivunja baadaye ukapata vifaa, na vifaa ukavigeuza uchawi. Kwa hiyo wanafunzi wanakua, mwalimu anabaki palepale.

Ugumu ni kwamba karata haikubali kirahisi mpaka adui awe amedhoofika. Lazima umpige, umpige tena, umwache na damu kidogo kabisa, halafu umgeuze. Ukizidisha pigo moja, umeua, umekua. Ndiyo maana dogo alikuwa hapumui pale juu ya dungu. Alikuwa anapiga kama beki mzuri anavyokaba ndani ya boksi: karibu kabisa, lakini mguu hauendi.

Mabosi wao ni afadhali. Ukiwapiga unapata pointi za ujuzi bila pointi za uzoefu, kwa hiyo unaruhusiwa kuwaua kwa amani. Mahali ambapo karata haifanyi kazi, anakimbia. Mapambano ambayo hayakimbiliki, kuna ujanja mwingine: mhusika aliyezimia hapokei pointi. Niliona dogo akimlaza chini Squall mwenyewe, kwa makusudi, ili mwenzake amalize kazi na kuchukua huo mzigo wa pointi.

Baadaye unapata jini mwingine, Diablos, ambaye akifundika anaweza kuzuia kabisa maadui wasikutokee njiani. Unapita porini kimya kama huna jina.

Kuna gharama lakini. Mshahara wa Squall unapanda kwa kufanya mitihani ya kuandika, na idadi ya mitihani anayoruhusiwa kufanya inafuata leveli yake. Ukibaki 7, mitihani inaishia hapo hata kama majibu yote unayajua. Dogo alinionyesha hilo kwa uchungu kidogo.

"Hapa ndiyo wameniweza," alisema. "Kazi nafanya ileile, mshahara wananipimia kwa umri."

Toleo la sasa lina vitufe vya msaada: unabonyeza, damu inajaa na mapigo makali yanakuja muda wowote. Nilimwonyesha siku aliyokwama. Akaniangalia kama nimemwambia amhonge refa.

Kwa nini asikue?

Nilidhani ni utundu tu wa kijana aliyechoka kukesha. Siku ya tano usiku ndipo aliponieleza.

Dogo ni kiungo. Nimemwona akicheza jioni pale kijijini, miguu peku, na sisemi kwa sababu ni ndugu yangu: anapokea mpira akiwa ameshageuza kichwa mara mbili kuangalia nyuma. Hapotezi. Mwaka jana alikwenda kwenye majaribio ya timu moja ya vijana, nauli aliipata kwa kuuza ufuta wake. Alicheza dakika 20. Mtu mmoja wa benchi la ufundi akamwita pembeni, akamwambia mpira anaujua, ila umbo bado. Arudi akishakua.

"Nimekula ugali mwaka mzima," aliniambia akicheka, lakini hakuwa anacheka. "Nimepima urefu kwenye mlango wa jiko. Hamna kitu bro. Sentimita moja."

Halafu akaongeza: "Sasa hili gemu linasema unaweza ukamaliza bila kupanda. Nataka nione kama ni kweli."

Mimi ni ripota wa mpira. Nilitaka kumpa mifano, na mifano ipo. N'Golo Kanté ana kimo cha sentimita 168 hivi, na alianzia chini kabisa kwenye klabu ndogo ya Suresnes nje kidogo ya Paris huku klabu kubwa zikimpita. Mwaka 2016 alikuwa bingwa wa England akiwa na Leicester City, mwaka 2017 bingwa tena akiwa na Chelsea, mwaka 2018 bingwa wa dunia na Ufaransa. Hakuwashinda watu kwa kifua. Alikuwa anafika pale mpira unapokwenda kabla aliyepiga pasi hajajua.

Nilimwambia hayo yote. Akaitikia kwa adabu, akarudi kwenye simu. Nadhani wenzake wenye umbo lake wote wanaambiwa habari za Kanté mpaka wamechoka.

Panda daraja uone

Lakini lile jambo la maadui kukua pamoja na wewe lilinikaa kichwani, kwa sababu nimeliona kwa macho kwenye ligi yetu.

Timu ikipanda daraja watu wanapiga ngoma. Wanasahau kwamba wapinzani nao wamepanda. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017 kwa kishindo, msimu wa kwanza ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2018, ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar pale Arusha. Mwaka 2020 ilikuwa inashuka daraja. Jina lilikuwa la leveli ya juu, lakini huwezi kuingia uwanjani na jina.

Chukua upande wa pili. Namungo ya Ruangwa, Lindi, ukishuka kusini kwa barabara hiihii ya Kilwa, ilipanda mwaka 2019. Msimu huohuo wa kwanza ikamaliza nafasi ya nne na ikacheza fainali ya kombe lilelile na Simba mjini Sumbawanga, Agosti 2, 2020, ikafungwa 2-1. Simba tayari walikuwa mabingwa wa ligi, kwa hiyo Namungo ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika na ikafika makundi. Ilikuwa timu changa yenye vitu vyake vimefungwa mahali pake, kama Curaga za dogo.

Sisemi leveli haina maana. Huko makundi Namungo haikuvuka, na Afrika ilimwonyesha leveli ni nini. Ninachosema ni kwamba kupanda na kuwa na uwezo ni vitu viwili, na sisi mashabiki, makocha na waandishi tunavichanganya kila siku.

Duniani wapo wachezaji wengi wa gemu wanaofanya kama dogo kwa kujifurahisha. Kwenye Dark Souls, gemu la Kijapani la mwaka 2011 linalosifika kwa ukatili, unaweza kuchagua mhusika anayeanza leveli ya 1 na ukakataa kumwongeza hata moja mpaka mwisho. Kule hakuna huruma, adui hakusubiri wala hashuki kukufuata. Pigo moja au mawili umekufa. Kinachokuokoa ni kuboresha silaha na kujua adui anainua mkono lini. Watu wanakufa mara mamia kwa bosi mmoja, wanaanza tena, mpaka mwili wenyewe unajua. Ni mazoezi ya kipa wa penalti.

Ya dogo ni tofauti. Ya kwake ni ya kusoma sheria mpaka uione pale ambapo wengine wanapita tu.

Tembo hana leveli

Usiku wa nane tembo walikuja.

Tulisikia kwanza mabua yakivunjika upande wa magharibi. Dogo akaizima simu bila neno, akashuka ngazi. Mjomba alikuwa ameshatoka kwenye dungu lake la pili, anapuliza makaa. Ndani ya sufuria akatupia matofali ya kinyesi kikavu kilichochanganywa na pilipili. Moshi ule ukikuingia puani unakumbuka madhambi yako yote.

Tukapiga madebe. Tukawasha tochi na kuzizungusha. Nilitaka kusogea mbele, sijui kwa nini, labda kwa ushamba wa mjini. Mjomba akanishika shati.

"Mjomba, hapo hapo. Yule humshindi. Unachotaka ni aondoke, basi."

Upepo ulikuwa upande wetu. Moshi ukaenda, tukasikia wakipumua kwa nguvu, halafu mabua yakavunjika tena, safari hii kuelekea msituni. Walikuwa wanne au watano, gizani huwezi kuhesabu vizuri. Asubuhi tulikuta mistari sita ya mahindi imelala. Mjomba alisema tumeshinda. Jirani yetu mwaka jana alipoteza nusu shamba.

Dogo aliniambia wakati tunakusanya mabua: "Umeona? Tumemgeuza karata."

Mjomba aliuliza karata gani. Ikabidi tumweleze.

Swali la mjomba

Alisikiliza mpaka mwisho. Alielewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa. Halafu akauliza: "Kwa hiyo huyo kijana wenu anaweza kukua, ila hataki?"

"Ndiyo baba," dogo akajibu.

"Anaweza kuwa na nguvu, anajitia mnyonge kwa mchezo."

"Ndiyo."

Mjomba akakaa juu ya debe. Akasema hapa walipo ni Ngarambe. Hapa ndipo aliposimama Kinjekitile Ngwale na dawa yake ya maji, watu wakatoka mbali kumfuata, makabila yaliyokuwa hayasalimiani yakawa kitu kimoja. Mwaka 1905 wakaingia vitani dhidi ya Wajerumani waliokuwa wanawalimisha pamba kwa kiboko. Kinjekitile mwenyewe alinyongwa mapema, Agosti mwaka huohuo. Vita ikaendelea mpaka 1907, na watu wakafa kwa maelfu, kwa risasi na zaidi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

"Wale hawakuchagua leveli," alisema. "Mwenye bunduki ya mtambo alikuwa mwenzao. Wao walikuwa na walichonacho. Nyie mkicheza unyonge, jueni ni mchezo. Mnyonge wa kweli hana faili la pili."

Hakuna aliyejibu. Mjomba akainuka akaenda kuangalia mahindi yake.

Nimelifikiria sana hilo tangu nirudi mjini. Kwenye gemu, dogo amechagua leveli ya 7, na akichoka anaweza kuchagua 70. Pale mlangoni mwa jiko hakuchagua kitu. Na yule mtu wa benchi la ufundi hakumpa sheria zilizoandikwa mahali ambapo mtu anaweza kuzisoma na kamusi. Kwa hiyo nikimwandikia hapa kwamba leveli haina maana, nitakuwa namdanganya. Ina maana pale wenye mamlaka ya kuchagua wanapoamua kuipima hiyo tu.

Lakini mjomba naye aliacha kitu kimoja nje. Usiku ule wa tembo hakuna hata mmoja wetu aliyechagua kuwa mdogo, na bado mjomba alijua upepo unatoka wapi.

Benchi lote linacheza

Likizo iliisha kabla gemu halijaisha. Nilimwachia dogo ile simu, tukawa tunawasiliana kwa meseji kila anapopata chaji kwenye sola ya dukani.

Alifika kwenye jumba la Ultimecia. Ukiingia mle, uwezo wako karibu wote unafungwa: huwezi kutumia uchawi, huwezi kuita majini, huwezi hata kutumia dawa. Kuna walinzi wanane, na kila ukimpiga mmoja unarudishiwa kitu kimoja. Mimi na leveli yangu ya 43 niliishia hapo. Dogo aliwapita kwa siku nne.

Pambano la mwisho lina kitu ambacho sikuwa nimefika kukiona. Kikosi chako chote ni watu sita, lakini wanaopigana ni watatu kwa wakati mmoja, na safari hii huchagui wewe. Mchawi ndiye anayekupangia watatu wa kuanza. Mtu akizimia na usimwinue haraka, anamezwa kabisa, anaingia mwingine kutoka kwa waliobaki.

Wachezaji wengi wanalia hapa kwa sababu wamejenga watatu tu mchezo mzima. Wengine watatu wamekaa benchi bila kitu mwilini. Dogo alitumia wiki nzima kabla ya pambano akigawa uchawi kwa wote sita. Nilimuuliza kwa nini anapoteza muda. Akanijibu meseji moja: "Kocha nisiyejua atanipanga na nani, bora wote wawe tayari."

Na kuna jambo jingine. Mwishoni kabisa mchawi ana shambulio moja linaloitwa Hell's Judgement. Akilipiga, damu ya kila mtu kwenye kikosi chako inashuka mpaka 1. Haijalishi ulikuwa na ngapi. Uwe leveli ya 7 au 100, uwe na damu 2,000 au 9,999, wote mnabaki na 1.

Pale sasa ndipo wale wenye leveli kubwa wanapochanganyikiwa, kwa sababu hawajawahi kuishi na damu ndogo. Dogo alikuwa ameishi hivyo gemu zima. Tena alikuwa anajua kitu: katika gemu hii, damu ikiwa chini sana ndipo mapigo makali kuliko yote yanapojitokeza. Kwa hiyo mchawi alipowashusha wote hadi 1, alikuwa amempa dogo nafasi ya kushambulia.

Alishindwa mara tatu. Ya nne ilikuwa usiku wa Jumapili.

Meseji ilinikuta uwanjani, nikiwa naandika ripoti ya mechi ya suluhu isiyo na habari yoyote. "Bro nimemaliza. Angalia picha." Kwenye picha kuna kioo cha simu kilichopasuka kona, jina Squall, na pembeni yake namba 7.

Nilimpigia. Nyuma yake nilisikia debe likigongwa, kumbe walikuwa bado shambani. Nikampongeza, nikamuuliza atacheza gemu gani sasa.

"Sichezi, bro. Simu imejaa. Nataka kukuuliza kitu, wale jamaa wa majaribio wanarudi tena baada ya mavuno. Unaweza ukaniulizia wanaangalia nini? Siyo kunipigia debe. Nataka tu kujua wanapima nini, niandae."

Nimeuliza. Mpaka gazeti linakwenda mitamboni sijajibiwa, nitauliza tena wiki ijayo. Siku ya majaribio nitashuka Ikwiriri kwa gharama zangu na nitakaa jukwaani kama mtazamaji, sitaandika ripoti, maana ni damu yangu. Ndiyo sababu hata jina lake sikuliweka hapa.

Urefu wake ni uleule. Nilimuuliza.

"Sentimita moja na nusu sasa," akasema. "Usizidishe."